Kasoro ya Kiwandani au Jeraha la Mtaani?

Ndugu msomaji, Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Hata hiyo shilingi iliyo mfukoni mwako imeundwa. Wengi wetu huitupia jicho mara moja tu, kujua kama ni moja, tano, kumi au ishirini, basi. Mimi huigeuza pande zote mbili. Wenzangu bwenini hunicheka ati nahesabu manyoya ya simba. Wacha wacheke! Nimeona jinsi mtu anavyoweza kupoteza nauli kwa kutoijua sarafu.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliuziwa maneno na kijana wa stejini. Kijana alikuwa na shilingi moja ya mwaka 2018, ile yenye twiga. Juu ya twiga palikuwa na herufi nyingine zilizopandana. Alidai kwamba mtambo uliipiga mara mbili kwa bahati mbaya, na kwamba matajiri huzinunua kwa maelfu. Yeye aliitakia mia tano tu. Mia tano hiyo ilikuwa nauli ya mwenzetu ya kwenda nyumbani, na mamake huuza mboga sokoni. Aliomba aazimwe sarafu kwanza, akaja nayo kwangu.

Ili kujua kasoro ya kweli, yafaa ujue sarafu huzaliwa vipi. Kwanza bamba la chuma hukatwa vipande vya mviringo. Kisha kila kipande huwekwa katikati ya mihuri miwili, ndani ya pete inayokizuia kisitanuke. Mihuri hukibana kwa nguvu nyingi mno, na picha za pande zote mbili hutokea kwa mpigo mmoja. Kasoro ya kiwandani ni ile iliyotokea katika hatua hizo. Kilichoipata sarafu baada ya hapo ni jeraha tu, hata kiwe cha ajabu namna gani.

Tuliazima lenzi ya maabara ya biolojia. Naam, zile herufi zilikuwa zimedidimia, tena zimegeuka kama maandishi kwenye kioo. Muhuri wa kweli huacha herufi zilizoinuka na zinazosomeka. Ni kweli sarafu ikinasa mtamboni huweza kuchapa picha iliyogeuka juu ya kipande kinachofuata; lakini hapo picha ya kawaida ya upande ule hukosekana, kwa kuwa muhuri haukukigusa. Twiga wetu alikuwapo, ila amepondeka. Maana yake sarafu mbili zilibanwa pamoja kwenye jiliwa la fundi. Shilingi ikarudishwa kwa mwenyewe, na mwenzetu akapanda gari kwenda kwao.

Dalili nyingine ni hizi. Ukiona mstari, upapase kwa ukucha. Mstari ulioinuka kama mshipa waweza kuwa alama ya muhuri uliopasuka, kwa sababu chuma kilipenya kwenye ufa. Mstari uliochimbika ni mkwaruzo. Ukiona sarafu imemegwa pembeni kama mwezi mchanga, tazama ukingo wa upande wa pili. Kipande kilichokatwa vibaya kabla ya kupigwa mara nyingi huwa na ukingo hafifu upande unaoelekeana na pengo. Ukingo ule ukiwa mzima, na pengo lina alama za tupa, hiyo ni kazi ya mkono. Sarafu iliyotandazwa na magurudumu ya gari la moshi au iliyobadilika rangi motoni haina siri yoyote.

Usidhani wanaotafuta kasoro ni wendawazimu. Kule Marekani, mwaka 1955, muhuri mmoja wa senti ulitengenezwa ukiwa na maandishi mawili mawili yaliyoachana kidogo. Maelfu ya senti zilizopigwa nao zikaingia sokoni, na hadi leo wakusanyaji huzilipia pesa nyingi. Lakini angalia: senti zote za muhuri ule zina kasoro ile ile, mahali pale pale. Jeraha halifanani na lingine. Ndiyo sababu ukishuku sarafu, itafutie ndugu zake wa mwaka ule ule uzilinganishe.

Basi, ndugu msomaji, ukipata ya ajabu kwenye chenji, usiisugue kwa mchanga wala majivu, maana utaiharibu zaidi. Iweke kando, iangalie mchana kweupe. Na mtu akikuharakisha utoe pesa kabla hujaigeuza upande wa pili, mrudishie sarafu yake. Kwa mama wa kioski shilingi yenye kasoro na shilingi iliyopondwa zote ni shilingi moja, tena iliyopondwa huenda akaikataa. Nauli yako nayo ni nauli.