Nilimdanganya Mgeni Irente

Ndugu msomaji, usinicheke. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, yakanirudisha nyumbani Irente. Mchana nauza peasi kwenye njia ya watalii waendao kutazama bonde. Usiku naandika riwaya. Nimeshajaza kauntabuku mbili, na nyumbani wananiita profesa, kwa kejeli.

Siku moja alipita mgeni kutoka Kolombia. Alinunua peasi nne, akakaa juu ya jiwe, tukaongea kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Alipojua kwamba naandika alifungua begi, akanipa kitabu chakavu cha maisha ya Simón Bolívar. Kisha akauliza: "Na ninyi hapa, Bolívar wenu ni nani?"

Nilishikwa na aibu. Nikanyosha kidole chini. Pale Irente mlima unakatika ghafla, na chini kabisa unaiona Mazinde na mashamba ya mkonge, halafu tambarare mpaka macho yachoke. Nikamwambia: "Semboja. Alikaa pale. Aliwapiga Wajerumani." Mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, akapiga picha.

Uongo mtupu! Ila nilikuwa nimeshaandika sura mbili za uongo huohuo.

Usiku ule nilisoma mpaka mafuta ya taa yakaisha. Bolívar alizaliwa Caracas mwaka 1783, mtoto wa matajiri. Mwaka 1805, akiwa na miaka 22 tu, aliapa kule Roma kwamba hatapumzika mpaka nchi yake itoke mikononi mwa Hispania. Mwaka 1819 akalivusha jeshi lake milima ya Andes wakati wa mvua. Watu wa tambarare walikufa kwa baridi njiani, na waliobaki wakashinda Boyacá. Mimi mtu wa milimani baridi hiyo naijua, nikajikunyata blanketini kama nami nimo msafarani. Mwaka 1824 jemadari wake Sucre alimaliza kazi Ayacucho, Peru. Nikasema moyoni, Semboja wangu atavuka milima namna hii.

Basi asubuhi nikamsomea bibi sura zangu. Bibi amekaribia miaka themanini. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Huyo Semboja wako," akasema, "anauza watu ukurasa wa ngapi?"

Nikanyamaza. Shuleni nilikwisha kusoma juu yake, nikajifanya nimesahau. Semboja alikuwa mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara aliyekufa mwaka 1862. Wenzake walikaa Vuga mlimani. Yeye akakaa Mazinde, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki kwa kuuza pembe za ndovu na watu. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimfukuza Vuga mpwa wake Shekulwavu, nchi ikachafuka kwa vita. Wajerumani walipokuja hakuvuka mlima wowote. Aliyepigana nao ni Abushiri, kule pwani, wakamnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Semboja alipatana nao, nao wakajenga kituo chao palepale Mazinde. Na kupatana kwenyewe hakukuusaidia ukoo wake: Mputa, aliyetawala baada yake, walimnyonga mwaka 1895.

"Dada yake bibi yangu," bibi akaendelea, "alishushwa Mazinde kwa njia hiyo unayouzia peasi. Alikuwa binti mdogo. Hakupanda tena."

Ndugu msomaji, njia hiyo naipita kila siku.

Nilirudi kwenye kitabu cha mgeni nikiwa na hasira, namtafutia Bolívar kosa ili tulingane. Nikalipata. Nyumba yao ilimiliki watumwa. Mwaka 1816 alikuwa mkimbizi Haiti, na Rais Pétion akampa silaha kwa sharti moja: awaachie watumwa huru. Aliahidi, akaachia baadhi, lakini utumwa Venezuela haukuisha mpaka 1854, miaka ishirini na minne baada ya yeye kufa. Kosa hilo halikunifurahisha kama nilivyotarajia. Huko Caracas nako kulikuwa na bibi wa mtu.

Jioni nikamwuliza bibi: sasa sisi tulipigania nini? Akacheka. Akanisimulia juu ya mama yake na matuta.

Waingereza walianza mpango wao Mlalo mwaka 1946, ukaenea milimani: kila shamba la mteremko lilimwe kwa matuta ili udongo usiondoke na mvua. Tuseme kweli, udongo ulikuwa unaondoka. Lakini waliopiga jembe ni akina mama, na asiyelima alitozwa faini au akafungwa, na mazumbe wetu wenyewe ndio waliotumwa kukamata. Wazee wa Kishambaa husema kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Watu wakasema mazumbe hawa wanaiharibu. Mama yake bibi alipima matuta yake mbele ya bwana shamba, bwana shamba alipoondoka akapanda mahindi alivyozoea. Alitozwa faini. Akalipa kwa mbuzi. Akarudia tena. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa, na TANU ilikuwa imeshafika milimani.

"Hakuapa popote," bibi alisema. "Alikuwa na watoto sita."

Sura zangu mbili nimezichana. Nimeanza upya, na mama mwenye jembe, mbuzi wake na bwana shamba wanakwenda vizuri; kuna siku naandika kurasa tano bila kufuta. Panaponikwamisha ni sura ya yule binti. Nilimwuliza bibi alikuwa anaitwa nani. Aliacha kuchambua maharage, akatazama mlangoni kwa muda.

"Mama alinitajia," akasema. "Alinitajia mara moja."

Kesho yake asubuhi aliniita kabla sijabeba kapu langu la peasi. Nilidhani amelikumbuka. Alitaka kujua kama nimeacha nafasi kwenye daftari.