Kipimo Kilisema "Bado", Sisi Tukasikia "Hana"



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanangu mnaosoma ugenini, leo nimeona nisimulie jambo lililotupata nyumbani kwetu, huenda likamfaa mtu kabla halijamfika. Sisi asili yetu ni Buyenzi, Bujumbura, na sasa tunaishi katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki ya Marekani. Warundi, Wakongomani na Wasomali tuko wengi huku, hasa katika miji ya Portland na Lewiston. Tulipokuja tulionywa sana juu ya baridi na theluji. Juu ya kupe hakuna aliyetuambia neno.

Iddi ya Kuchinja ya mwaka 2023 iliangukia mwishoni mwa mwezi wa Juni, kiangazi kimeshika. Baada ya Swala tulibeba vyakula tukaenda kwenye bustani ya watu wote, na watoto wakacheza mpira kandokando ya miti mpaka Alasiri. Siku kama kumi baadaye, nikimpaka mafuta binti yangu wa pili, wakati huo ana miaka 9, nikaona baka nyuma ya goti. Halikuwa jekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi lilionekana kama mahali alipojigonga, rangi ya zambarau iliyofifia. Haliwashi, haliumi. Lakini kila siku lilipanuka kidogo, na mtoto akawa na homa ndogo na kichwa kinamuuma.

Tukampeleka kliniki. Mhudumu aliangalia akasema labda ni mdudu tu amemuuma, ila atachukua damu apime ugonjwa wa Lyme kwa tahadhari. Mkalimani wetu alikuwa binti yangu mkubwa, mwenye miaka 14. Baada ya siku nne wakapiga simu, yeye ndiye akapokea. Akaniambia, "Mama, wamesema negative. Hana."

Nikasujudu sijida ya shukrani. Na baka lilipofutika lenyewe, nikazidi kuamini kuwa mambo yamekwisha.

Ndugu zangu, mnijue nilikotoka ndipo mnielewe. Sisi tumelelewa na kipimo cha malaria. Mtoto anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kioo, fundi anachungulia kwenye darubini. Mdudu akionekana, yupo. Asipoonekana, mtoto anatafutiwa sababu nyingine ya homa. Basi mimi nilidhani vipimo vyote duniani ni hivyo: yupo au hayupo.

Mwezi wa Oktoba mtoto aliamka goti limevimba kama papai. Ajabu ni kwamba alikuwa anatembea, anachechemea kidogo tu, na anasema haliumi sana. Usiku ule ule tukaenda hospitali, upande wa dharura. Madaktari walikuwa na wasiwasi wa usaha ndani ya goti, jambo ambalo haliwezi kusubiri, kwa sababu usaha huharibu kiungo kwa haraka. Wakatoa damu, kisha wakaingiza sindano wakavuta maji ya goti ili wayaoteshe maabara waone kama kuna bakteria. Baba yake ndiye alimshika mkono. Mimi nilikuwa pembeni nikisoma Ayatul Kursiy, machozi yananitoka.

Safari hii daktari hakukubali binti yangu mkubwa atafsiri. Alipiga simu akaletwa mkalimani wa Kiswahili, mtu mzima aliyesomea kazi hiyo. Daktari akauliza kama mtoto aliwahi kukaa kwenye majani au msituni. Nikajibu haraka, "Alishapimwa Lyme Julai. Hana." Daktari akaniuliza baka lilionekana tarehe ngapi na damu ilitolewa tarehe ngapi. Akahesabu siku kwa vidole, akatikisa kichwa. Akasema, "Mama, kile kipimo hakikusema hana. Kilisema bado."

Neno hilo lilinichoma. Akakaa chini akanieleza, na nitajaribu kueleza kama alivyonieleza.

Bakteria wa Lyme wanaletwa na kupe wa miguu myeusi. Kupe mchanga, ambaye ndiye huuma watu wengi kiangazi, ni mdogo kama mbegu ya mchicha. Bakteria hawa huwa wachache sana ndani ya damu, ndiyo maana darubini haifai kuwatafuta. Kipimo hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupigana naye. Na mwili huchukua wiki kadhaa kuandaa askari wa kutosha kuonekana. Ukipima katika siku za mwanzo, mara nyingi jibu ni hasi hata kama mtoto anaumwa. Kwa hiyo mtoto akiwa na baka linalopanuka, katika eneo lenye kupe hawa, madaktari wanatakiwa watibu kwa kuangalia baka, wasingoje damu. Baka hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa. Vitabuni wamelichora jekundu na lina duara kama shabaha, kwenye ngozi nyeupe. Kwetu linaweza kuonekana kama jeraha la kugongwa, na hapo ndipo watoto wetu wanapopitwa.

Majibu ya safari hii yalichukua siku tano. Kipimo hiki kina hatua mbili. Cha kwanza kikionyesha dalili, kinafuata cha pili cha kuhakikisha. Hicho cha pili, kwa namna iliyotumika kwetu, huonyesha mistari, na kwa ugonjwa uliokaa muda mrefu lazima mistari 5 kati ya 10 ionekane ndipo wahesabu kuwa ndiyo. Mstari mmoja au miwili si ushahidi wa kutosha.

Siku tano zile nilizipata kwa tabu. Mmoja akasema ni jicho la watu. Mwingine akasema tumpeleke kwa mtu amkande. Jirani, Allah amlipe kwa nia yake, akaniletea anwani ya maabara inayouza kipimo cha mkojo cha Lyme kwa pesa nyingi. Nilimuuliza daktari, akasema vipimo vya namna hiyo havijathibitishwa, na vinaweza kumpa mtoto ugonjwa asiokuwa nao. Mimi nilimsomea mwanangu ruqya kila usiku na sikuona kuwa inagongana na dawa. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kutafuta matibabu, na alitufundisha kumfunga ngamia kwanza kisha kutawakali.

Nikampigia simu mama yangu Buyenzi. Akasikiliza, kisha akaniuliza, "Kupe? Si kama papasi wale, mwanangu?" Nikacheka, lakini nilipomwambia daktari hakucheka. Akasema mama yangu yuko sahihi. Homa ya papasi, ile ya wadudu wanaojificha kwenye nyufa za sakafu za udongo na kuuma usiku, inaletwa na bakteria wa ukoo mmoja na huyu wa Lyme. Tofauti ni kwamba yule wa papasi huogelea kwenye damu wakati wa homa, na darubini inamwona. Na kwa sababu ni ndugu, mtu aliyewahi kuugua homa ya papasi anaweza kukidanganya kipimo cha kwanza cha Lyme. Akauliza kama mtoto aliwahi kuugua. Hapana. Lakini nilijifunza kuwa sisi tuliotoka huko tunapaswa kulisema jambo hilo kabla ya kuulizwa.

Jibu likaja: ni Lyme, imekaa kwenye goti. Na maji ya goti hayakuota kitu. Alhamdulillah, nilifurahi kupata jina la adui. Akapewa antibiotiki ya siku 28, asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Goti lilipungua polepole, na mwezi wa Desemba alikuwa anarukuu na kusujudu bila kushika ukuta.

Baadaye nikaomba apimwe tena ili niwe na uhakika amepona. Daktari akakataa kwa upole. Akasema kingamwili zinaweza kubaki miezi au miaka baada ya ugonjwa kuondoka, kwa hiyo kipimo hakiwezi kuniambia kama amepona. Nimtazame mtoto mwenyewe: goti lake, mwendo wake, nguvu zake. Hapo nikaelewa kuwa kipimo ni shahidi, si kadhi. Mwanzo husema hapana ilhali ugonjwa upo, na mwisho husema ndiyo ilhali ugonjwa umekwenda. Anayejua tarehe ndiye anayeweza kumsaidia daktari kuupima ushahidi huo, na huyo ni mzazi.

Nimekuja kujua kuwa hata ugonjwa wenyewe uligunduliwa kwa sababu ya kina mama. Mwaka 1975, katika eneo la Lyme, jimbo la Connecticut, Polly Murray na Judith Mensch walikataa kukubali kwamba watoto wengi wa mtaa mmoja wanavimba viungo kwa bahati tu. Waliandika, wakahesabu, wakawapigia simu wakubwa wa afya. Watafiti wa Yale walipochapisha habari hiyo mwaka 1977 walikuwa na wagonjwa 51, na 39 kati yao ni watoto. Bakteria mwenyewe alionwa baadaye, mwaka 1981, na Willy Burgdorfer, na jina lake ndilo alilopewa mdudu huyo.

Basi ndugu zangu mnaoishi kwenye nchi za kupe hawa, nawausia haya machache:

Kiangazi, mkague mtoto kila jioni anapooga: nyuma ya masikio, ndani ya nywele, kwapani, kwenye kitovu, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe mvute kwa kibanio, karibu na ngozi, moja kwa moja. Usimchome moto wala usimpake mafuta. Andika tarehe, kisha umpigie daktari mapema, maana ndani ya saa 72 anaweza kuamua kutoa dozi moja ya kinga.

Ukiona baka, lipige picha kila siku na ulizungushie alama ya kalamu uone kama linapanuka.

Ukiambiwa jibu ni hasi, uliza: je, limepimwa mapema mno? Tupime tena lini?

Na mwisho, usimfanye mwanao mkalimani. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kisheria kukupa mkalimani bure. Binti yangu hakukosea Kiingereza. Alibebeshwa mzigo usio wake, na mpaka leo akikumbuka simu ile huinamisha kichwa. Nimemwambia mara nyingi kuwa kosa si lake, ni langu mimi niliyemkabidhi simu.

Allah awaponye watoto wetu wote, awape wazazi subira na ufahamu, na atukinge na maradhi tunayoyajua na tusiyoyajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Mzazi mwenzenu, Maine