Siku Hizi Bwana Nyama Anakuja na Fomu

Miaka ya 1970, Songea Vijijini, upande ambao leo ni wilaya ya Namtumbo, mtumishi wa serikali aliyengojewa kwa hamu kuliko wote alikuwa bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori. Mkusanya ushuru akionekana njiani, watu walikumbuka ghafla kwamba wameacha palizi nusu. Bwana nyama akitokea, watoto walimkimbilia, wanaume wakatafuta visu, na wanawake wakaanza kupangana nani atakoka moto wa kukaushia nyama, wakati mnyama mwenyewe bado yuko porini na roho yake.

Huyu anayesimuliwa hapa alistaafu mwaka 2015, lakini kijijini kwake jina la kazi limemganda. Hata wajukuu humwita Babu Bwana Nyama. Aliajiriwa 1976 akitokea Pasiansi, Mwanza, chuo cha askari wa wanyamapori. (Maafisa, yaani waliokuwa wakimtuma, walitoka Mweka, kule Kilimanjaro, chuo kilichofunguliwa 1963.) Pasiansi alifundishwa gwaride, shabaha na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 1974, iliyokuwa bado mpya. Kusoma nyayo hakufundishwa chuoni. Alikuwa amejifunza kwa mjomba wake, aliyekuwa na gobore na asiyekuwa na kibali. Wengi wa askari hodari wa zamani walikuwa na mjomba wa namna hiyo. Hata Mwingereza C.J.P. Ionides, aliyeingia Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika mwaka 1933 na kuishi miaka mingi Liwale, akajulikana kusini nzima kama Bwana Nyoka kwa sababu ya koboko na mafutu aliokuwa akiwakamata wazima, alikiri mwenyewe kwamba kabla ya kuvaa sare aliwahi kuwinda tembo kijangili.

Kazi ilianza na barua. Mwenyekiti wa kijiji aliandika kwenye karatasi ya daftari, kijana akapanda baiskeli: tembo wameingia mpunga wa bondeni, hawatoki, madebe hayasaidii tena. Bwana Nyama alichukua bunduki ya .458, risasi alizohesabiwa na kuzitilia sahihi, blanketi, na kifuko cha kitambaa kilichojaa majivu. Majivu yalikuwa muhimu kuliko blanketi. Alfajiri, nyayo zikishaonekana, mzee mmoja wa kijiji alitangulia, naye akawa anakipigapiga kile kifuko kila baada ya hatua chache na kuangalia vumbi linaelekea wapi. Macho ya tembo si makali, lakini pua yake inafika mbali. Upepo ukiwatoka kisogoni, mmekwisha. Kinyesi kilipimwa kwa kutumbukiza kidole. Kikiwa bado cha moto ndani, watu waliacha kuongea, wakawa wanaonyeshana kwa mikono.

Baada ya mlio, jambo la kwanza lilikuwa kukata mkia, alama kwamba mnyama ana mwenyewe. La pili lilikuwa kutuma mtu kijijini, ingawa mara nyingi kijiji kilikuwa kimeshausikia mlio na kiko njiani. Wakristo walipasua tembo. Waislamu wengi hawakumgusa. Wao walisubiri zamu ya nyati au kuro, na hapo ilibidi awepo kijana mwenye mbio na kisu kikali, amchinje mnyama kabla roho haijatoka, la sivyo kitoweo kilikuwa cha Wakristo tena. Bwana Nyama, ambaye ni Mkatoliki, ilimbidi ajifunze kumpiga nyati kwa namna ya kumwangusha tu. Hakuna mwalimu wa Pasiansi aliyewahi kumshauri hivyo, na leo anasema kulikuwa ni kumchezea simba sharubu. Lakini mnyama aliyekuwa akitolewa alikuwa wa kijiji kizima, na hakutaka nusu ya kijiji irudi na mikono mitupu.

Meno ya tembo hayakuwa ya kijiji. Yaliachwa siku kadhaa mpaka nyama ya fuvu ilegee yakavutwa, au yalichongolewa kwa shoka na mzee mwenye mkono wa taratibu. Ile nyama laini inayojaza tundu la jino ilitolewa kando, na vijana ambao hawajazaa walifukuzwa wasiione, kwa imani kwamba ingewamalizia nguvu za kiume. Kisha meno yalipimwa uzito, yakapigwa namba, yakasafirishwa hadi Ivory Room, barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Serikali ilichukua meno, kijiji kikabaki na nyama na mpunga ulionusurika. Huo ndio ulikuwa mkataba, ingawa haukuandikwa popote, na heshima yote ya bwana nyama ilisimama juu yake.

Tembo walikuwepo wa kutosha kuufanya mkataba huo uonekane wa milele. Mwaka uleule alioajiriwa, hesabu ya kutoka angani ilikadiria kwamba Pori la Akiba la Selous na maeneo yanayolizunguka lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki karibu 30,000.

Hawakumalizwa na bunduki ya Bwana Nyama. Bei ya meno ilikuwa imepanda duniani, na usiku zikaanza kusikika risasi ambazo hakuna aliyezitilia sahihi. Kwake yeye kilichokuwa kigumu si hesabu hizo, ambazo hata hivyo alizisikia baadaye, bali kuona sura za watu. Wale wazee wa kifuko cha majivu, waliokuwa wakimtangulia, sasa walikuwa wakitangulia wageni waliokuja na fedha taslimu. Mwaka 1989 serikali ilianzisha Operesheni Uhai, iliyounganisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na mwezi Oktoba mwaka huohuo, mjini Lausanne, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya meno ya tembo, Tanzania ikiwa mstari wa mbele kulidai hilo. Kijijini, Uhai ilikuwa na maana moja: Bwana Nyama akaanza kuingia usiku, amefuatana na watu wasiojua jina la mtu yeyote, akitafuta magobore chini ya vitanda. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa shemeji yake. Harusi iliyofuata ya ukoo huo hakualikwa.

Operesheni ilifanya kazi, hilo hana ubishi nalo. Ujangili ulishuka na tembo wakaanza kuzaana. Ila anashikilia kwamba kilichowaleta watu upande wake tena ni kitu kingine, nacho kilihusu kitoweo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mpango wa uhifadhi wa Selous ulioendeshwa na serikali pamoja na Wajerumani ulivipa vijiji vya jirani mgao wa wanyama kila mwaka, wawindwe kwa utaratibu na nyama iuzwe kwa wanakijiji wenyewe. Vijiji vikateua askari wao, na kituo cha kuwafundisha kikajengwa Likuyu Sekamaganga, humohumo Namtumbo. Baadaye ikaja Sera ya Wanyamapori ya 1998, kisha kanuni za 2002 zilizowezesha vijiji kuungana na kutenga hifadhi za jamii. Mbarang'andu ni mojawapo, katika ushoroba ambao tembo hupita kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji.

Basi mkataba wa nyama ukarudi, safari hii kwa maandishi. Na maandishi yana mambo yake. Nyama ilipimwa kwa kilo, ikauzwa kwa bei nafuu, ikakatiwa risiti, fedha zikaenda kwenye akaunti ya kijiji kwa ajili ya madarasa na ofisi. Ni sawa kabisa, na huenda ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini mjane aliyezoea kuondoka na pande la mguu bila kuulizwa kitu, sasa alisimama kwenye foleni akiwa na sarafu. Mikutano ya kijiji, ambayo zamani ilijadili nani alipewa maini, ikaanza kujadili mapato na matumizi, na Bwana Nyama akajikuta anajibu maswali ya uhasibu.

Kwa upande wa simba mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wazee wa kusini walikua wakisikia habari za Njombe, ambako miaka ya 1940 simba walikula watu kwa mamia na wananchi wakaamini kuna mganga anayewatuma, mpaka bwana nyama George Rushby alipowaua 15 na mauaji yakakoma mwaka 1947. Vijana walidhani hizo ni hadithi. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004, Rufiji, simba mmoja ambaye watu walimpa jina la Osama alihusishwa na vifo vya watu zaidi ya 30. Alipouawa ilionekana gego lake limepasuka na chini yake pamejaa usaha. Watafiti walipokusanya taarifa za nchi nzima, walikuta kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563, wengi wao kusini na pwani, hasa majira ya mavuno.

Sababu mojawapo waliyoitaja haikumshangaza hata kidogo Bwana Nyama: nguruwe pori. Nguruwe hula mazao usiku, kwa hiyo mkulima huhamia shambani na kulala kwenye dungu. Dungu zuri lina miguu mirefu ya miti migumu, ngazi ya kupandisha juu, na moto chini yake. Lakini mtu mwenye ekari moja na watoto watano hujenga la haraka, futi chache kutoka ardhini, kuta za nyasi. Simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu amelala ndani ya kitu kilicho dhaifu kuliko kikapu. Alipokuwa kazini, akifika kwenye kijiji chenye habari za simba, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuzunguka mashamba na kutikisa madungu kwa mkono, moja baada ya jingine. Lililoyumba alilivunja palepale, mwenyewe akilalamika. Haikuwa katika maelezo ya kazi yake, na huenda iliokoa watu wengi kuliko risasi zake.

Miaka yake ya mwisho kazini ndiyo iliyokuwa michungu. Majangili walirudi, safari hii na silaha za kivita na simu, na hesabu ya 2013 ikakuta tembo kama 13,000 tu katika eneo lote la Selous. Oktoba mwaka huo ikaanza Operesheni Tokomeza dhidi yao. Mwezi uliofuata ilisimamishwa kwa malalamiko ya mateso na vifo vya raia, na Desemba, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, mawaziri wanne wakaondolewa. Bwana Nyama alikuwa amebakiza muda mfupi wa kustaafu. Anakumbuka kwamba mwaka ule salamu zilipungua: mtu anakupa shikamoo huku akiangalia pembeni, na duka likionekana lina sukari, ukifika wewe imekwisha.

Alipostaafu, kazi nayo ilibadilishwa mavazi. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilianza shughuli zake 2016. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Na mabadiliko ya sheria ya 2020 yakaunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, lenye vyeo, gwaride na makamishna. Mtoto wa dada yake ni askari wa jeshi hilo. Akija likizo huvaa buti zinazong'aa, humpa mjomba shikamoo, kisha hufungua simu kumwonyesha nukta zinazotembea kwenye ramani: tembo aliyevishwa kola, anafuatwa na mtu aliyekaa ofisini. Barua ya mwenyekiti siku hizi ni ujumbe wa WhatsApp wenye picha za mahindi yaliyolala. Kuua tembo ni hatua ya mwisho kabisa. Kinachotangulia ni tochi kali, honi, fataki, na kamba zilizopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili.

Na fomu. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na kifuta jasho cha mazao cha kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, kisichozidi ekari 5. Shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikupata kitu. Mpwa huzijua kanuni hizo kwa kichwa, na ndiye anayetukanwa kwa ajili yake, maana mwenye shamba haioni kanuni, anamwona yeye.

Mwaka juzi tembo waliingia kwenye shamba la mzee mwenyewe. Walimaliza mahindi ya ekari mbili kwa usiku mmoja, wakavunja na mikorosho michanga. Mpwa alikuja na kifaa cha GPS kupima umbali, mjomba akamfuata nyuma akibishia kila kipimo, kwa sababu jiwe la mpaka analolikumbuka yeye si lile lililo kwenye ramani. Walibishana mpaka wakasahau chai. Mwishowe mzee alitia sahihi, fomu ikapitia kwa mtendaji wa kijiji ikaenda wilayani. Msimu uliofuata hakungoja majibu: alinunua pilipili kilo kadhaa, akaomba oili chafu kwa mafundi wa pikipiki, akamlipa kijana wa kulala shambani, na kabla kijana hajapanda, akalitikisa dungu.