Kiti cha Trekta

Visu vya trekta la kukatia nyasi la baba mdogo, huko Ohio, vilikuwa vinazunguka kidogo halafu vinasimama. Injini yenyewe haina neno, inanguruma tu.

"Klachi ya umeme imekufa. Naagiza nyingine."

Nikamwomba asubiri. Uandishi wa habari umenizoesha kutomwamini shahidi wa kwanza.

Nikaazima mita kwa jirani. Klachi ile ni sumaku tu: koili ikipata umeme wa betri, sahani zinanasana, mkanda unazungusha visu. Nikapima koili: omu 3, haijaungua. Nikakaa kitini, nikafungua swichi, nikapima waya unaoingia kwenye klachi: volti 12. Sasa shida iko wapi?

"Hebu kaa wewe, baba."

Akakaa. Mita ikaanza kurukaruka: 12, sifuri, 12, kila alipojitikisa.

Kumbe chini ya kiti kuna swichi ya usalama. Isipokandamizwa na uzito wa mtu, inakata umeme wa klachi. Nikautazama mkanda wa suruali yake. Una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari.

"Tangu lini, baba?"

Akazima ufunguo.

"Tangu Pasaka. Mama yako usimwambie."