Safari ya Broken Hill na Watu wa Njiani

Wazee wetu wa pwani walikuwa na msemo mfupi, "msafiri kafiri", na kila mmoja aliufasiri kwa namna yake. Wako waliosema kwamba safari humchosha mja hata akazipuuza ibada zake. Wengine walisema kwamba msafiri hana kwao wala jamaa wa kumsimamia, na kwa hivyo hudharauliwa na kila amwonaye. Sharia yetu, hata hivyo, imemtazama msafiri kwa jicho la huruma. Imempunguzia rakaa, imemruhusu kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye, imemtia katika mafungu manane ya wenye kustahiki zaka, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba dua ya msafiri ni katika dua zenye kujibiwa. Makala haya ni habari ya safari moja tuliyoifanya peke yetu, kwa gari, kutoka hapa Quakers Hill hadi Broken Hill, pamoja na habari za watu tuliokutana nao. Tumeona tuwaandikie wasomaji wa kijarida chetu kwa sababu yale tuliyoyakuta mwisho wa njia yanatuhusu sote tunaolea watoto katika nchi hii.

Nia yetu ilikuwa khalwa. Wanaohudhuria dhikri ya usiku wa kuamkia Ijumaa majumbani mwetu wanaijua hali ilivyo: watoto wana mitihani, wakubwa wana zamu za usiku, simu zinalia, na uradi husomwa mbiombio kama mtu anayelipa deni. Tulitamani siku chache za kukaa na tasbihi pasi na kuitwa na mtu. Tena tulikuwa tukisikia tangu zamani kwamba huko Broken Hill, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sydney, upo msikiti wa mabati uliojengwa na wachunga ngamia mwishoni mwa karne ya 19. Tukanuia kuuzuru.

Twajua kwamba Mtume (S.A.W.) hakupendezewa na mtu kusafiri peke yake, hasa usiku, na wanazuoni wamelieleza jambo hilo kwa hofu ya upweke na hatari. Basi tulishika mambo matatu. Hatukuendesha gari baada ya jua kuchwa, kwani hiyo ndiyo saa ya kangaruu kuivamia barabara. Tulichukua maji ya kunywa zaidi ya haja. Na kila mji tuliofika tuliwapigia simu watu wa nyumbani. Baina ya Cobar na Wilcannia pana kiasi cha kilomita 260, na sehemu kubwa ya mwendo huo simu haishiki. Anayekusudia kwenda asilidharau hilo.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri, tukapita Richmond, tukaipanda milima ya Blue Mountains kwa njia ya Bilpin yenye mashamba ya matufaha. Katika madhehebu yetu ya Shafi masafa ya kukasiri sala ni kilomita themanini na kitu, nasi safari yetu ilikuwa zaidi ya mara kumi ya hayo. Kwa hivyo tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbilimbili. Baada ya Dubbo ardhi hutandazika kama mkeka na njia hushika magharibi. Sisi tuliolelewa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kwamba kibla ni kaskazini, hata manahodha wetu waliuita upande huo kwa jina hilo hilo la kibla. Huku kibla ni magharibi, imeelemea kaskazini kidogo. Ikawa kwa siku mbili nzima gari letu linaelekea, kwa kukaribia, upande ule ule tunaousujudia.

Lakini khalwa tuliyoitafuta hatukuipata. Badala yake tuliruzukiwa watu. Kwanza ni madereva wa huko bara, ambao humnyanyulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani kila wanayepishana naye. Mjini mtu hukaa miaka mitano na jirani, ukuta kwa ukuta, pasi na salamu. Kule nyikani hata asiyekujua jina hakuachi upite hivi hivi.

Tulipofika Nyngan tulisimama kutia petroli, tukaketi kivulini na chupa yetu ya chai. Dereva wa lori kubwa, Kalasinga mwenye kilemba, alisimama ghafla akanusa, akauliza kama hiyo ni iliki. Tulimkaribisha. Tulikuwa na visheti, naye akaleta chapati na achari ya embe. Tulipomwambia asili yetu alicheka, akasema "pole pole" na "maji moto", maneno aliyoyapata utotoni kwa babu yake. Babu huyo naye aliyapata kwa baba yake, aliyetoka Punjab kwenda Mombasa kujenga reli ya Uganda, kazi iliyoanza mwaka 1896. Maneno manne tu yamevuka vizazi vitatu na bahari mbili, na mwenyewe aliyashika kama mtu anayeshika hirizi. Alipokuwa akipanda lori lake alituuliza kama wanetu wanasema Kiswahili. Tulimjibu kwamba wakubwa wanasema, wadogo wanafahamu. Akatikisa kichwa, wala hakuongeza neno.

Tulilala Cobar, mji wa machimbo ya shaba. Mama mwenye nyumba ya wageni, mtu mzima wa miaka sabini na zaidi, alituona tumetandika msala uani kwa sala ya Magharibi. Alisimama mbali mpaka tukatoa salamu. Kisha alituuliza, kwa haya nyingi, kama tunaweza kumwombea mumewe aliyefanya kazi chini ya ardhi maisha yake yote na sasa mapafu yake hayamtoshi kupanda ngazi. Tulinyanyua mikono palepale tukamwombea shifaa kwa Kiswahili, kwa sauti, naye akainamisha kichwa. Asubuhi tulipolipa chumba hakutaka kupokea fedha ya chai wala ya mkate.

Siku ya pili tulifika Wilcannia, penye mto Darling, ambao wenyeji wake wa asili, Wabarkindji, huuita Baaka. Chini ya miti ya ukingoni alikuwapo mzee mmoja wa kabila hilo akivua samaki. Alipoiona kofia yetu aliuliza kama tunakwenda kwenye msikiti wa Waafghani, na tulipoitika alisogeza ndoo yake ili tupate pa kukaa. Akatueleza kwamba baba wa bibi yake alikuwa mchunga ngamia. Jina lake la kweli limepotea. Katika ukoo limebaki lakabu tu, walilompa Wazungu walioshindwa kulitamka la kwake. Bibi huyo hakuruhusu nyama ya nguruwe iingie jikoni mwake hadi alipofariki, na watoto walifuata pasi na kujua sababu. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza: huyo mtu alipokuwa akisali, alikuwa akisema nini? Tulimsomea Alfatiha, aya kwa aya, tukimweleza maana yake kwa Kiingereza kadiri ya uwezo wetu. Alituomba tuirudie. Tukairudia mara tatu, na yeye akiutazama mto.

Broken Hill iko katika jimbo letu la New South Wales, lakini saa zake ni za Australia Kusini, nyuma ya Sydney kwa nusu saa. Anayetegemea saa ya mkononi atachanganyikiwa; anayelitazama jua hatapotea. Msikiti wenyewe ni chumba kidogo cha mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, penye mahali pa kutawadhia, na siku hizi unatunzwa na chama cha historia cha mji kama nyumba ya makumbusho. Mzee wa kujitolea aliyetufungulia hakuwa Mwislamu, lakini alivua viatu mlangoni kabla yetu. Alitueleza wazi pia habari ya tarehe 1 Januari 1915, pale watu wawili wa jamii ile walipolishambulia kwa bunduki gari moshi la watu waliokwenda mandari, wakaua wanne, na wao wenyewe wakauawa. Hakuisema kwa kututuhumu, nasi hatukuisikiliza kwa kutafuta udhuru. Kisha akatoka, akatuachia nafasi. Tulisali rakaa mbili katika chumba kile, na sauti yetu ikaturudia kutoka kwenye mabati.

Hao wachunga ngamia hawakuwa wachache. Yakadiriwa kwamba baina ya mwaka 1860 na miaka ya 1920 walikuja watu zaidi ya 2,000, kutoka Afghanistan, Baluchistan, Sindh, Punjab na kwingineko, pamoja na ngamia wapatao 20,000. Waliibeba sufi, maji, nguzo za simu na mataruma ya reli. Wengi hawakuja na wake zao, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 ilizidi kuwafungia mlango. Malori yalipoingia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kazi yao ilikwisha. Wako waliorejea makwao, na wako waliooa wenyeji na kubaki, na wajukuu zao leo wametapakaa nchi nzima.

Ndugu wasomaji, jambo lililotukaa zaidi moyoni ni kitabu. Katika msikiti ule kulikuwa na kitabu kikubwa kilichohifadhiwa kwa heshima na kuandikwa kwamba ni Kurani Tukufu. Mwanahistoria Samia Khatun, mzaliwa wa Bangladesh, alipokifungua alikuta kwamba si Kurani. Ni kitabu cha mashairi ya Kibengali kiitwacho Kasasol Ambia, yaani visa vya Mitume, kilichopigwa chapa Calcutta. Habari hiyo ameieleza katika kitabu chake Australianama cha mwaka 2018. Mashairi ya namna hiyo yalitungwa yasomwe kwa sauti mbele ya watu, kama vile sisi tulivyosomewa tenzi za Mitume barazani kwa mabibi zetu. Kosa lile halikutokana na dharau. Waliokihifadhi walikiheshimu kwa kadiri walivyojua. Sababu ni kwamba hapakubaki mtu wa kukisoma.

Sisi hatukufungiwa milango waliyofungiwa wao. Tumekuja na jamaa zetu, tuna misikiti Auburn, Lakemba na Rooty Hill, na watoto wetu wanasoma Kurani. Lakini katika makabati yetu mna barzanji zenye maelezo ya Kiswahili pembeni, mna tenzi zilizonakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, mna barua za wazee kutoka Lamu, Unguja na Moroni. Ni mtoto gani katika nyumba zetu awezaye kufungua mojawapo na kusema hii ni nini, ya nani, na yasomwa vipi?

Twapendekeza jambo dogo. Kila familia ichukue daftari, iandike majina ya wazee mpaka babu wa tatu, kwa matamshi yao ya asili, na orodha ya vitabu na karatasi zilizomo nyumbani. Na katika dhikri zetu za kila wiki, kabla ya kupakua chakula, mtoto mmoja asome kurasa mbili za Kiswahili kwa sauti, mkubwa akae ubavuni pake amsahihishe. Sisi tutaanza kwetu, usiku wa kuamkia Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Isha. Mwenye utenzi wa zamani aje nao, hata kama kurasa zimeliwa na mchwa.