Kisa cha asilimia 80

Wadau, leo naungama. Wiki iliyopita nikiwa Murangi, Musoma Vijijini, nilimfokea kijana wa kibanda cha kuchajia simu. Habari yangu ilikuwa inasubiriwa gazetini. Simu ilipanda haraka mpaka 80, halafu ikaanza kutambaa. Nikamwambia umeme wake mbovu. Akanijibu kwa upole, "Kaka, siyo umeme. Simu yenyewe ndiyo inayokataa."

Nikampuuza. Msomi bwana!

Niliporudi mjini nikasoma kuhusu magari ya umeme, maana wenye nayo hulalamika vilevile kwenye chaja za kasi. Kumbe kijana alikuwa sahihi. Chaja haijiamulii, gari ndilo linaloomba kiasi ambacho betri inaweza kupokea. Nissan Leaf za mwanzo hupokea takriban kilowati 50, hata ukizichomeka kwenye chaja ya 150. Betri ikiwa ya moto au baridi sana, kasi inashuka. Ikikaribia kujaa inashuka zaidi, kwa sababu kuilazimisha ni kuiharibu. Ni kama daladala: abiria wa mwanzo wanaingia mbio, wa mwisho anatafuta pa kuweka mguu. Ndiyo maana madereva wengi wakiwa safarini huchomoa kwenye 80 wakaondoka.

Nami 80 ilinitosha kabisa kutuma habari. Nikang'ang'ania 100, nikachelewa, haikutoka.

Nikirudi Murangi naanzia kibandani. Nina radhi ya kuomba.