Pampu ilipokosa presha, tukakumbuka Nakivale

Ndugu zetu wa Nakivale, mlituuliza huku Vermont, Marekani, tunafanya kazi gani. Basi, sisi wawili msimu huu tumepika shira. Msicheke, ni kazi kweli.

Kuna mti unaitwa mepo. Kati ya mwezi wa 2 na wa 4, usiku baridi inagandisha maji, mchana jua linayeyusha, ndipo mti unatoa utomvu. Ni mwepesi kama maji, sukari yake ni karibu asilimia 2 tu. Kupata lita 1 ya shira unahitaji kama lita 40 za utomvu. Ukichemsha zote hizo, kuni zitakumaliza. Kwa hiyo kuna mashine inayosukuma utomvu kwa nguvu kwenye utando: maji mengi yanatokea upande mmoja, utamu unabaki upande mwingine. Huo uliobaki ndio unaopikwa.

Siku moja mashine ikazima. Tukaiwasha, ikanguruma kidogo, ikazima tena. Taa ikaonyesha presha ya kuingilia iko chini. Bosi hayupo, tangi limejaa, na mchana unazidi kupata joto. Utomvu ukikaa kwenye joto unaharibika kama maziwa.

Kosa letu la kwanza: tulibadilisha filta kabla ya kusoma geji. Nusu saa ikaenda, shida iko palepale. Kumbe geji ziko mbili, moja kabla ya filta na moja baada yake. Filta ikiziba, ya kwanza inasoma juu na ya pili inasoma chini. Zetu zote mbili zilikuwa chini, mshale unatetemeka. Maana yake shida iko nyuma, kabla ya filta.

Kosa la pili tulilikosa kidogo tu. Ndani mna swichi inayozima mashine presha ikishuka. Mmoja wetu akasema, "Tuunganishe waya tuiruke, tuendelee na kazi." Lakini swichi ile inalinda pampu kubwa. Pampu ikizunguka bila maji ya kutosha inajiharibu yenyewe, na sisi hata mshahara wa miezi mingapi usingeilipa.

Hapo ndipo tukakumbuka ile pampu ya petroli tuliyokuwa tunakodi kumwagilia nyanya karibu na ziwa. Mnaikumbuka? Ilikuwa inanguruma tu, maji yanakuja kwa kukohoa. Mpira wa kuvuta maji ulikuwa na tundu dogo. Nje hapakuwa na tone hata moja, kwa sababu upande wa kuvuta maji hayatoki, hewa ndiyo inaingia.

Basi tukafanya vilevile. Tukahakikisha valvu ya tangi imefunguka yote na hakuna barafu kwenye bomba. Halafu mmoja akapaka povu la sabuni kila kiungo kati ya tangi na pampu, mwingine akampigia bosi. Kwa Kiingereza chetu kile kile cha kuokoteza, tukamwambia ukweli: imezima, filta tumeibadilisha bure, sasa tunatafuta hewa. Akasema endeleeni, swichi msiiguse.

Tukawasha. Kwenye kiungo cha tatu povu likanywewa ndani. Mpira wa kuziba ulikuwa umepasuka. Tukatia mpya, tukajaza pampu maji mpaka hewa yote ikatoka, tukawasha tena. Mshale ukapanda, ukatulia. Usiku ule tulipika hadi saa 8.

Tunawaandikia haya kwa sababu moja. Tulipoomba kazi, fomu ilikuwa na sehemu ya ujuzi. Wote wawili tuliandika "hakuna". Miaka ya kuhangaika na pampu, na redio, na sola za kuunga-unga, tuliona si kitu kwa kuwa hatukupewa cheti.

Ndugu zetu, msiandike "hakuna". Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotujazia fomu, msituulize tu tumesoma mpaka darasa la ngapi. Tuulizeni pia: kitu gani kiliharibika, mkakitengeneza?